Mtoto Anapongoja Ini: Ushauri kwa Wazazi wa Kitale na Bungoma

Wazazi wanaoniuliza kuhusu ini hutoka pande zote za kwetu: Kitale, Kiminini, Kimilili, Chwele, Webuye. Swali lao ni moja. Daktari amesema mtoto hatapona bila kupandikizwa ini, sasa tufanye nini tunapongoja? Na karibu kila mara swali la pili hunifikia kabla sijajibu la kwanza: tutatoa wapi mamilioni?

Nitafika kwenye pesa. Sianzi nazo kwa sababu familia nyingi huipa harambee nguvu zao zote huku mtoto akizidi kukonda nyumbani. Siku pesa zinapotimia, mtoto hana mwili wa kuhimili upasuaji. Kungoja ini ni kazi ya kila siku, na sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika jikoni, kliniki na kwenye madirisha ya ofisi za serikali, mahali pasipo na kamati wala kipaza sauti.

## Kwanza jueni mnangoja nini

Watoto wachanga wengi wanaofikia kuhitaji ini wana ugonjwa wa kuziba kwa mirija ya nyongo. Nyongo haishuki utumboni. Inarudi nyuma na kuliharibu ini polepole. Dalili zake ni macho ya njano yanayoendelea baada ya wiki 2 tangu kuzaliwa, choo cheupe au cha kijivu, na mkojo uliokolea rangi.

Kama mtoto wako ana dalili hizi na hajafikisha miezi 3, usingoje hata wiki moja. Upo upasuaji unaoitwa Kasai, kwa jina la daktari Mjapani Morio Kasai aliyeubuni miaka ya 1950. Unaweza kuahirisha haja ya ini jipya, wakati mwingine kwa miaka mingi, na hufaulu zaidi ukifanywa kabla ya siku 60. Kwetu siku hizo hupotea kwa sababu ya maneno mawili: "itaisha yenyewe" na "mwanike juani". Jua la asubuhi halizibui mrija. Maji ya glukosi pia hayazibui. Yanamjaza tumbo tu akakosa kunyonya. Nchini Taiwan, tangu 2004, kina mama hupewa kadi yenye rangi za choo ili walinganishe nyumbani. Hata bila kadi, fungua nepi mchana kwenye mwanga, uangalie. Choo cheupe kikionekana, piga picha kwa simu uende nayo hospitali.

Wengi wenu mmeshapita hatua hiyo. Kasai haikufanyika, au ilifanyika na nyongo haikutiririka. Kabla ya kutoka kliniki safari ijayo, pateni majibu ya maswali haya, na mmoja wenu aandike:

- Ugonjwa unaitwaje hasa, na umethibitishwa kwa kipimo gani?
- Damu yake inaganda vizuri? Maji yameanza kujaa tumboni?
- Kwa hali aliyo nayo leo, tuna miezi mingapi ya kujiandaa?
- Uzito gani mnataka afikishe kabla ya upasuaji?
- Kundi lake la damu ni lipi?
- Usiku wa manane akizidiwa, tumpigie nani?

Hospitali ya rufaa ya kaunti, iwe ya Kitale au ya Bungoma, itawaandikia barua ya kwenda hospitali ya rufaa ya Moi, Eldoret, ambako tangu 2015 kuna hospitali ya watoto ya Shoe4Africa. Usiende bila barua, na usiache nakala ya matokeo yoyote nyuma. Nunua faili ya plastiki, panga karatasi kwa tarehe, na ya juu kabisa iwe ukurasa mmoja wenye muhtasari: jina, tarehe ya kuzaliwa, ugonjwa, upasuaji aliofanyiwa, dawa na vipimo vya dozi, kundi la damu. Daktari wa zamu ambaye hajawahi kumwona mtoto wako atausoma ukurasa huo kwa dakika moja. Faili nzima hataweza kuisoma.

## Kwetu hakuna foleni

Wazazi husikia kwamba Ulaya na Marekani mtoto huandikwa kwenye orodha, kisha simu hulia siku ini la marehemu linapopatikana. Kenya haina huduma ya kawaida ya kuwapandikizia watoto wachanga ini, na watoto wetu wengi hupelekwa India. Afrika Kusini nako wapo madaktari wa kazi hii, Johannesburg na Cape Town. India, kwa mgeni, ini hutoka kwa ndugu aliye hai anayesafiri pamoja na mtoto.

Hiyo ina maana kwamba hamngoji simu. Mnangoja mambo manne: mtoto apate nguvu, mtoaji apatikane, karatasi zikamilike, pesa zitimie. Kosa ninaloliona zaidi ni kuyafuata moja baada ya jingine, tena pesa zikiwa mbele. Yaanzeni yote manne wiki hii, na gawaneni: baba ashike karatasi, mama ashike lishe na kliniki, shangazi au ami anayeaminika ashike hesabu.

"Lakini upasuaji wenyewe unaponya kweli?" Ndiyo, katika hospitali zenye uzoefu watoto wengi sana huvuka mwaka wa kwanza na kuendelea kukua. Mwaka 1998, mjini Delhi, mtoto ambaye hakuwa amefikisha miaka 2, mwenye ugonjwa huu huu wa mirija, alipewa kipande cha ini la baba yake. Alikua, akasoma, akawa daktari.

## Jikoni

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu hapa ndipo mzazi ana uwezo ambao hakuna mwingine anao.

Bila nyongo, mafuta ya chakula hayasagwi vizuri. Yanapita. Mtoto anakula anashiba lakini mwili haupati. Kwa hiyo anahitaji chakula chenye nguvu kuliko mtoto mwenzake, wakati mwingine hadi mara moja na nusu. Mpango wa hakika mtapewa na mtaalamu wa lishe wa hospitali, na msikubali kutoka kliniki bila kumwona. Mambo ya kumuuliza na kufuata ni haya:

- Maziwa ya mama yaendelee. Hakuna ushahidi kwamba yanadhuru ini lake. Kama hayatoshi, daktari ataeleza maziwa ya kopo yanayofaa. Maziwa ya ng'ombe yasiwe kinywaji chake kikuu kabla ya mwaka 1.
- Mafuta ya nazi. Sehemu ya mafuta yake hufyonzwa hata nyongo ikiwa kidogo, ndiyo maana wataalamu huyashauri yaongezwe kwenye uji au viazi vilivyopondwa. Kipimo kitoke kwa mtaalamu, kwani yakizidi huharisha. Nunua ya kupikia. Chupa ya kupaka nywele si chakula.
- Uji mwepesi ni kosa. Tumbo dogo linalobanwa na ini lililovimba halina nafasi ya maji. Uji uwe mzito, wenye maziwa au yai, mara nyingi kwa vipimo vidogo.
- Msimnyime nyama, yai na maharagwe kwa kusikia kwamba protini huchosha ini. Anaihitaji ili akue. Daktari peke yake ndiye wa kuipunguza.
- Chumvi na vidonge vya mchuzi viepukwe, hasa tumbo likianza kujaa maji.
- Vitamini A, D, E na K haziingii mwilini vizuri bila nyongo, kwa hiyo hupewa kama dawa. Msiruke siku. Ile ya K ndiyo inayosaidia damu kuganda, na mtoto aliyeikosa anaweza kutokwa damu ghafla, hata ndani ya kichwa.

Mizani hudanganya. Ini lililovimba na maji ya tumboni huongeza kilo huku mikono ikibaki mifupa. Muombe muuguzi apime mzunguko wa mkono wa juu kila mnapokwenda, na muandike kwenye faili. Mkono ukipungua mara mbili mfululizo, rudini kwa mtaalamu wa lishe kabla ya tarehe yenu.

Huenda daktari akataka mtoto alishwe kwa mpira unaopitia puani. Wazazi huukataa mpira huu kwa sababu ya macho ya watu kanisani na kwenye matatu. Nawasihi msiukatae. Mtoto anayelishwa usiku akiwa amelala hupata uzito ambao kijiko hakingempa. Mtafundishwa kuhakikisha ncha yake iko tumboni kabla ya kila mlo, na hatua hiyo msiiruke hata mkiwa mmechoka.

### Mahindi yenu wenyewe

Trans Nzoia na Bungoma tunakula tunacholima, na hilo ni jema, ila mahindi yaliyovunwa mvua ikinyesha na kurundikwa yakiwa mabichi huota kuvu inayotoa sumu ya aflatoksini. Sumu hiyo hushambulia ini. Mwaka 2004, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa mahindi ya namna hiyo. Hao wengi walikuwa na maini mazima. Mtoto wako hana hata hilo.

Tengeni gunia lake. Mahindi yakauke hadi unyevu wa asilimia 13.5 au chini yake, yakianikwa juu ya turubai na si ardhini, kisha yachaguliwe kwa mkono: yaliyobadilika rangi, yaliyovunjika na yenye ukungu yatolewe. Kusaga hakuiondoi sumu, kupika hakuiondoi. Fanyeni vivyo hivyo kwa njugu karanga. Na yale mahindi mabovu mliyoyatoa msimpe ng'ombe ambaye maziwa yake mtoto atakuja kutumia, maana sumu hupitia kwenye maziwa.

## Dawa ambazo ini haliwezi kubeba

Kukhu, nyanya yake mtoto, ataleta mizizi. Ataileta kwa upendo, na amewalea wengi. Mpokeeni kwa heshima, kisha mweleze kwamba kila kinachoingia kinywani hupitia kwenye ini, na ini hili limebakiwa na nguvu kidogo. Mkimpeleka kliniki siku moja akamsikia daktari mwenyewe, atakuwa mlinzi wenu dhidi ya majirani wote. Maombi yaendelee; hayajawahi kumdhuru mtoto. Kinachodhuru ni kuambiwa aache dawa ili aonyeshe imani.

Duka la dawa nalo ni hatari yake. Msimpe mtoto aspirini wala ibuprofeni. Parasetamoli mpeni kwa kipimo alichoandika daktari wake, na si kwa kukadiria na kifuniko cha chupa. Mkinunua dawa yoyote, hata ya kikohozi, sema kwanza: "Mtoto huyu ana ugonjwa wa ini."

Muwasho huwanyima usingizi watoto hawa. Zipo dawa zake, muulizeni daktari. Nyumbani mkateni kucha ziwe fupi, mvisheni pamba, mwogesheni kwa maji ya uvuguvugu na mumpake mafuta mara tu atokapo majini.

## Usiku atakapozidiwa

Nendeni hospitali saa ile ile mkiona:

- homa, hata kama anacheza, hasa aliyefanyiwa Kasai, kwani maambukizi kwenye njia ya nyongo humaliza ini haraka;
- kutapika damu, au choo cheusi kinachonata;
- damu isiyokatika puani, kwenye fizi au mahali alipochomwa sindano;
- tumbo kujaa ghafla, au kupumua kwa shida;
- usingizi usio wa kawaida, kulia kusikotulia, au kutokumtambua mama;
- kukataa kunyonya au kutapika kila anachopewa.

Anayetapika damu apelekwe hospitali ya karibu inayoweza kumtundikia maji na damu, kisha gari la wagonjwa limpeleke Eldoret. Wapo wanaoipita hospitali ya kaunti ili "wafike Moi moja kwa moja", na kilomita 70 hivi kutoka Kitale kupitia Moi's Bridge na Soy ni nyingi mno kwa mtoto anayepoteza damu.

Panga leo, kungali mchana: nambari za simu za watu wawili wenye magari, nauli iliyofungwa kwenye bahasha isiyoguswa kwa unga wala karo, begi lenye nepi na dawa, na faili juu yake. Majirani waonyeshwe begi lilipo.

## Chanjo na malaria

Wazazi wengine huacha chanjo wakidhani mwili wa mtoto umechoka. Ukweli ni kinyume. Baada ya kupandikizwa atameza dawa za kupunguza kinga ili mwili usilikatae ini, na chanjo zilizotengenezwa kwa vijidudu hai, kama ya surua, kwa kawaida hazitolewi tena. Kwa hiyo zinatakiwa ziwe zimeingia mapema, angalau wiki 4 hivi kabla ya upasuaji. Chanjo ya surua hutolewa kliniki zetu kwa miezi 9. Muulizeni daktari kama wenu aipate kuanzia miezi 6. Ndugu zake nyumbani nao wakamilishe zao.

Bungoma ilikuwa kati ya kaunti 8 zilizoanza kutoa chanjo ya malaria mwaka 2019, kuanzia umri wa miezi 6. Ulizeni kama mtoto wenu anaweza kuipata. Mnaokaa Kitale mkidhani baridi inawalinda, kumbukeni mnaposafiri kwenda kwa jamaa kule chini: chandarua kisafiri nanyi.

## Nani atatoa ini

Mtoto mchanga anahitaji kipande kidogo cha upande wa kushoto wa ini la mtu mzima, takriban robo au pungufu. Linalobaki hukua tena ndani ya miezi michache. Mtoaji anatakiwa awe mtu mzima, mwenye afya, kwa kawaida asiyezidi miaka 55, mwenye kundi la damu linalopatana na la mtoto. Mwenye O anaweza kumpa yeyote.

"Baba akitoa, ataweza tena kulima?" Ataweza. Atakaa hospitali wiki moja hivi, na kwa miezi 2 au 3 asibebe gunia wala kushika jembe la nguvu. Hatari ya kufa ipo, na msimfiche mtu: kwa kipande hiki hukadiriwa kuwa kama mtoaji 1 kati ya 1000. Ndiyo maana hakuna anayefaa kusukumwa. Shemeji akikaa kimya mkutanoni, kimya hicho kiheshimiwe, na baada ya hapo asitajwe vibaya.

Mambo ambayo familia huyasahau:

- Andaeni watoaji wawili. Wa kwanza mara nyingi hukataliwa kwa mafuta kwenye ini, kwa homa ya ini ya B, au kwa mirija isiyokaa vizuri. Vipimo vya mwanzo vinaweza kufanywa hapa nchini, na ni nafuu kuliko kukataliwa ukiwa Delhi.
- Pombe iachwe leo. Busaa, chang'aa, bia, zote. Mwenye uzito mkubwa aanze kuupunguza sasa.
- Mama asishike mimba kama ndiye mtoaji. Zungumzeni na muuguzi kuhusu uzazi wa mpango, na mtajie daktari wa upasuaji njia mnayotumia, kwani baadhi ya vidonge huachwa kabla ya upasuaji.
- Mtoaji hawezi kuwa muuguzaji. Siku ya upasuaji kutakuwa na wagonjwa wawili katika wodi mbili. Lazima awepo mtu wa tatu. Mama akitoa, mtoto awe ameshazoea kulishwa na huyo wa tatu kwa kikombe, kijiko au mpira.

Atatokea wa kuwaambia kwamba anajua kijana atakayeuza kipande cha ini. Mfukuzeni. Sheria ya Afya ya 2017 inakataza biashara ya viungo, na mwaka 2025 Wizara ya Afya ilisimamisha upandikizaji wa figo katika hospitali moja ya Eldoret kufuatia madai ya biashara hiyo. India nayo, tangu sheria yake ya 1994, humhoji mtoaji mbele ya kamati. Ukoo wa uongo hugunduliwa kwa kipimo cha vinasaba, na safari huishia hapo.

## Karatasi

Karatasi moja yenye herufi iliyokosewa inaweza kuwachelewesha kuliko milioni moja.

1. Cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Majina ya wazazi yafanane herufi kwa herufi na vitambulisho vyao. Wafula wa kitambulisho asiwe Wafulla wa cheti. Kukiwa na tofauti, anzeni kurekebisha mara moja.
2. Uthibitisho wa ndoa na ukoo. Ndoa za kimila nyingi hazijasajiliwa. Muoneni chifu kwa barua na wakili kwa hati ya kiapo. Ubalozi wetu New Delhi ndio unaotoa barua ya kuthibitisha uhusiano wa mtoaji na mtoto, na utaitoa kwa kutegemea karatasi hizi.
3. Pasipoti. Za mtoto, watoaji wote wawili na muuguzaji. Maombi hufanywa kwa eCitizen, na Eldoret kuna ofisi ya Uhamiaji. Ombeni kabla harambee haijaitishwa.
4. Viza ya matibabu. Hospitali ya India hutuma barua ya mwaliko, na wasaidizi hupata viza yao ya kumsindikiza mgonjwa. Msiende kwa viza ya utalii.
5. Chanjo ya homa ya manjano. India huidai kwa wanaotoka Kenya, na cheti huanza kutambulika siku 10 baada ya sindano. Hii nayo ni chanjo hai, kwa hiyo kwa mtoto mgonjwa daktari wake ndiye ataamua. Akiona haifai ataandika barua ya msamaha, na mhakikishe na ubalozi wa India kabla ya kukata tiketi.

## Sasa pesa

Hospitali za India mara nyingi hutoza dola 25,000 hadi 35,000, yaani kati ya shilingi milioni 3 na milioni 4 na nusu hivi. Ombeni makadirio ya maandishi kutoka hospitali mbili au zaidi, kisha muulize kilichoachwa nje: vipimo vya mtoaji wa pili, siku za ziada za chumba cha wagonjwa mahututi, nyumba ya kupanga kwa miezi 2 au 3, chakula, tiketi, dawa za kurudi nazo. Mtu anayejitolea kuwa dalali wa hospitali bila karatasi, na anayetaka amana kwenye simu yake binafsi, si wa kupewa chochote.

Tangu Oktoba 2024 SHA, yaani Mamlaka ya Afya ya Jamii, ndiyo iliyochukua nafasi ya NHIF, bima ya zamani ya afya. Msajilini mtoto kama tegemezi na mlipe michango yenu bila pengo, kwani hata siku za kulazwa Kitale au Eldoret ni gharama. Kwa matibabu ya nje ya nchi SHA ina utaratibu wake. Msaada huo una kikomo kilicho mbali na gharama ya ini, na kibali huombwa kabla ya kusafiri. Nendeni ofisini kwao na barua ya daktari, mrudi na jibu lililoandikwa.

Kuhusu harambee nitasema machache. Fungueni akaunti yenye watia saini watatu, mmoja wao akiwa nje ya familia. Kila Jumapili hesabu isomwe: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Watu wa kwetu hutoa mara ya pili na ya tatu wakiona hesabu. Chakula cha siku ya harambee kisiile harambee yenyewe. Pangeni tarehe baada ya mavuno, kuanzia Novemba, wakati mahindi yameuzwa. Ikiwa mtoto hawezi kufika Novemba, nendeni kwa chama, kwa walimu, kwa kanisa na msikiti, kwa waliotoka kijijini wakaenda Nairobi, bila kungoja siku moja kubwa. Picha ya mtoto isambazwe akiwa amevikwa nguo, bila nambari ya kitambulisho wala faili.

Na shamba? Msiliuze kabla mtoaji hajapita vipimo na hospitali haijamkubali mtoto. Shamba la kilimo huhitaji kibali cha bodi ya ardhi na ridhaa ya mwenzi, na mnunuzi anayejua una haraka atakupa nusu ya bei. Kukodisha ekari kwa misimu miwili mitatu huleta pesa za tiketi na huwaachia mlo watoto waliobaki. Kumbukeni pia kwamba baada ya upasuaji dawa za kulinda ini, kama takrolimasi, ni za maisha yote. Tengeni za mwaka mzima kabla ya kuhesabu kwamba lengo limetimia.

## Ndani ya nyumba

Mama huulizwa alikula nini akiwa mjamzito, na ukoo wa nani una laana. Kuziba kwa mirija hakutokani na chakula cha mama wala na kosa la mtu yeyote. Baba ndiye anayefaa kulisema hilo mbele ya watu wa kwake, kwa sauti, mara moja, ili mke wake asilibebe peke yake.

Watoto wakubwa wapewe kazi ndogo na wapewe ukweli. Mmoja wa wazazi awe na saa yake nao kila siku. Na wazazi laleni kwa zamu: anayeamka usiku leo alale kesho. Uchovu ndio unaokosesha dozi.

## Madaktari wakisema haiwezekani

Hutokea mtoto akawa dhaifu mno, au moyo na mapafu yake yasiruhusu. Ombeni maoni ya daktari wa pili; faili yenu inaweza kutumwa India kwa barua pepe bila mtu kusafiri. Jibu likibaki lile lile, msimpandishe ndege kwa sababu tu pesa zilishachangwa na watu wanatazamia. Ombeni huduma ya kumtuliza maumivu, muwasho na tumbo lililojaa, karibu na nyumbani, na mikononi mwenu. Kamati isome hesabu, na waliochanga waulizwe pesa zilizobaki ziende wapi. Familia nyingine ya mtoto mgonjwa haikosekani.

## Kabla ya kupanda ndege

Wiki ya mwisho, rudini Eldoret, si kuaga tu. Ulizeni nani atakayempokea mtoto mkirejea, kliniki ni siku gani, na kiwango cha takrolimasi kwenye damu kitapimwa wapi na kwa shilingi ngapi, kwani mwanzoni hupimwa mara kwa mara. Daktari wa Eldoret na yule wa India wapeane nambari nanyi mkiwapo. Kisha mtafute, kwa miezi ya kwanza ya kurudi, chumba kisichovuja, chenye maji safi na kilicho karibu na lami, hata kama ni cha kukodi Kitale mjini au Bungoma, na mlipe amana yake kutoka kwenye mchango kabla hamjaondoka.